Mursik ya Eldoret huonjwa kwa pua kwanza

Bila shaka umewahi kuiona mursik hata kama hujawahi kuionja. Wanariadha wetu wanaporudi kutoka ng'ambo na medali shingoni, kabla hawajamaliza kusalimia jamaa, akina mama huwasogelea na kibuyu kirefu kilichopambwa kwa shanga. Bingwa hukiinamisha, hupiga funda kubwa, hujipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, na wapiga picha wakawa wamepata walichokifuata. Ndiyo maana vijana wengi wa Nairobi na Mombasa wanapofika Eldoret huagiza mursik kama waagizavyo soda, wakaibugia kwa mkupuo mmoja, kisha wakakunja uso na kusema imeharibika.

Huenda kweli imeharibika. Huenda pia ilikuwa nzuri ajabu ila aliyeinywa hakujua alichokuwa akikitafuta. Hilo ndilo ningependa tulizungumze leo: namna ya kuionja mursik na kuipima, ili ukialikwa katika nyumba ya watu huko Uasin Gishu, au mwanao anayesoma Chuo Kikuu cha Moi akikuletea chupa likizoni, ujue iliyo bora na iliyo hafifu. Tena ujue ni ipi ya kuiweka chini bila kuimaliza, kwa sababu, kama utakavyoona, jambo hili si la ulimi pekee.

Usidhani ni makuu. Kila pahali duniani pana kitu ambacho watu hukipima kwa makini. Wapo wanaoinusa sigaa ya Kuba kabla ya kuiwasha, wakalikagua jani lake, wakaupima moshi na hata rangi ya jivu. Mombasa wapo waonjaji wa chai ya mnadani, ambao huivuta chai mdomoni kwa kelele ambazo mtoto angechapwa nazo mezani, halafu wakaitema. Mursik nayo ina moshi wake na mkaa wake, na wajuzi wake ni akina nyanya wa Kikalenjin ambao hakuna aliyewahi kuwapa cheti.

Nchi ya baridi

Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 300. Ukishapita Nakuru barabara huanza kupanda, na ukifika Timboroa uko juu ya mita 2,700, pahali ambapo hata saa sita mchana ukungu waweza kukufanya ulitafute koti. Kisha unateremka kupitia Burnt Forest na Cheptiret hadi mjini, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi hii ina kazi yake. Maziwa ya pwani huganda upesi kwa sababu ya joto, aghalabu kati ya usiku na asubuhi. Huku nyanda za juu huchukua siku kadhaa, na moshi wa kibuyu hupata nafasi ya kuingiana nayo.

Mji wenyewe wazee wengi wangali wanauita Sisibo, yaani 64 ya Kiingereza ilivyotua katika ulimi wa Kikalenjin, maana posta ya kwanza ilipofunguliwa 1910 ilikuwa katika shamba nambari 64 la walowezi. Jina la Eldoret lilifuata 1912, na mnamo Agosti 15, 2024 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Makaburu waliofika 1908 na magari ya kukokotwa na maksai, na Waingereza pamoja nao, walichukua ardhi iliyokuwa malisho ya wenyeji na kuleta ng'ombe wa kizungu. Ukipita leo mashamba ya Uasin Gishu utaona Friesian na Ayrshire kila boma. Lakini mursik ni ya zamani kuliko ng'ombe hao. Ng'ombe wa asili alitoa maziwa kidogo, na kiangazi kikizidi hata hayo kidogo yalikatika. Kwa hivyo ilibidi ipatikane njia ya kuyaweka maziwa wiki nyingi bila jokofu. Kibuyu kilikuwa ghala.

Kibuyu ndicho mpishi

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani mursik ni maziwa yaliyotiwa mkaa. Sivyo. Kazi yote, au tuseme robo tatu ya kazi, hufanywa kabla tone la maziwa halijaingia kibuyuni.

Kibuyu hicho Wakalenjin hukiita sotet. Ni buyu la kawaida lililokaushwa na kutolewa mbegu na nyama ya ndani, na likiwa jipya hulowekwa maji siku kadhaa, maji yakibadilishwa mara kwa mara, hadi uchungu wote utoke. Kikishatumika, huoshwa kwa ufito mrefu uitwao sosiot, ambao ncha yake imepondwa ikawa kama brashi. Huoshwa kwa maji, husuguliwa, huanikwa kikauke kabisa. Kibuyu chenye unyevu ni kibuyu chenye ukungu, na ukungu hauondolewi na moshi wowote.

Kisha huja kijinga cha moto. Mti unaosifiwa zaidi ni senetwet, kichaka chenye maua ya manjano yanayosimama wima kama mishumaa, na machipukizi yake juu ni meusi. Wataalamu wa mimea hukiita Senna didymobotrya. Lifikiche jani lake utasikia harufu inayofanana na bisi zilizoanza kuungua kwenye sufuria. Vijiti vyake huchomwa hadi viwe makaa mekundu, makaa hayo hutiwa ndani ya kibuyu, na mama husugua kwa sosiot, akisaga na kupaka kuta za ndani mpaka ziwe nyeusi na laini kama kiatu kilichopigwa rangi. Mabaki hukung'utwa nje. Wengine hutumia mzeituni wa mwituni, na siku hizi hata muwati, ule mti wa mashamba ya walowezi ambao umejaa kila mahali. Mwulize mama wa Kinandi na mama wa Kikeiyo ni mti gani ulio bora, halafu keti utulie, kwa maana utakaa hapo muda.

Kazi ya masizi hayo ni nyingi. Yanaziba vitundu vya kibuyu, yanatia harufu na rangi, tena moto wenyewe unapunguza vijidudu vilivyobaki. Vinavyosalia katika kuta, vile vijidudu vya kuchachua maziwa, ndivyo chachu ya mara nyingine. Hii ndiyo sababu vibuyu viwili vya nyumba moja, vilivyotiwa maziwa ya ng'ombe mmoja, vinaweza kutoa mursik mbili tofauti, na mwenye nyumba akajua kwa ladha tu imetoka katika kipi.

Wasomaji wa pwani hawatashangaa sana. Mtungi wa maji kule nao hufukizwa kwa ubani kabla ya kujazwa, na maji yake hayafanani na ya bomba. Na ukiendelea na safari kupita Kitale hadi West Pokot, utakuta maziwa ya kuganda yanayotiwa jivu la mti wa cromwo, yakiwa na rangi ya kijivu iliyokolea zaidi. Ni ndugu wa mursik, ingawa Mpokot na Mnandi hawatakubaliana ni yupi kaka.

Maziwa nayo huchemshwa, kisha huachwa yapoe kabisa, ndipo yakamiminwa. Yakiingia moto huua chachu na kukiharibu kibuyu. Kifuniko hufungwa, kibuyu huwekwa pahali pa baridi penye giza, na siku huhesabiwa. Tatu, nne, tano. Wenye subira huacha wiki mbili au zaidi, na wazee husimulia vibuyu vilivyokaa miezi.

Namna ya kuionja

Sasa tuseme umefika. Umesalimu "chamgei", umekaribishwa ndani, na kogo, yaani nyanya wa nyumba hiyo, amekileta kibuyu chenyewe. Mtazame kwanza. Mjuzi hakimimini kibuyu kilivyo. Hukitikisa kwa utulivu, kwa muda, ili maji ya maziwa yaliyojitenga, mafuta na masizi vichanganyike. Akimimina bila kutikisa utapata maji yenye uchungu kwanza na mabonge mwishoni, na utaihukumu mursik kwa kosa la mikono.

Tazama rangi. Iliyo nzuri huwa na rangi ya samawati hafifu inayoelekea kijivu, kama anga la Julai hapo Eldoret, na vichembe vyeusi vidogo mno. Ukiona vipande vya mkaa vinaelea, kibuyu hakikusuguliwa, kilipakwa tu kwa haraka. Lakini usivutwe mno na rangi. Wapo wanaoamini kwamba kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo ilivyo halisi, na nadhani imani hiyo imeharibu mursik nyingi. Mkaa mwingi huacha mchanga kwenye meno na huifunika ladha ya maziwa, ambayo ndiyo tuliyoijia.

Tazama pia jinsi inavyoanguka kikombeni. Iwe nzito na laini, ianguke kama uji mwepesi wa wimbi. Ikitoa povu lenye kuchemka kama pombe, weka alama ya kuuliza. Tutarudi kwa hilo.

Kisha inuse, na kwa hili usione haya, hata wenyeji hufanya hivyo. Harufu ya kwanza iwe moshi, moshi mtamu wa kuni kavu, si wa plastiki wala wa mafuta ya taa. Ya pili ni uchachu safi. Ya tatu, ukitulia, ni samli. Harufu ya ngozi mbichi, ya jibini iliyooza au ya kitambaa kilichokaa majini ni ya kibuyu kichafu, na hakuna sukari inayoweza kuiponya.

Ndipo uonje. Funda dogo, si la bingwa wa Olimpiki. Lizungushe mdomoni. Uchachu hugonga pembeni mwa ulimi, na katika mursik changa ya siku nne hupita upesi ukabaki utamu wa maziwa. Ya wiki mbili ni kali zaidi na nzito zaidi. Meza, kisha ungoje. Kipimo cha mwisho kiko hapa: baada ya kumeza, moshi urudi. Uje taratibu kutoka kooni hadi puani, ukae kidogo, uondoke. Mursik ambayo moshi wake uko mbele tu, ukapotea baada ya kumeza, ilitiwa unga wa mkaa. Ile ambayo moshi wake huja nyuma imelala kibuyuni.

Kuhusu sukari, vijana wa mjini huitia vijiko viwili vitatu. Sina ugomvi nao, ila onja funda la kwanza bila sukari, vinginevyo unaionja sukari. Barafu nayo siiungi mkono hata kidogo, kwani baridi ya jokofu hufunga harufu yote. Mwenza wake wa kweli ni kimyet, ugali, hasa wa wimbi, na mboga za kienyeji zenye uchungu kiasi. Uchungu wa mboga na uchachu wa maziwa hutulizana, na hapo ndipo utaelewa kwa nini mlo huu haukuhitaji nyama.

Jambo la kuzingatia

Msomaji mzazi, sehemu hii nakuomba uisome polepole. Magharibi mwa Bonde la Ufa ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Madaktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapo Eldoret, na wale wa Tenwek huko Bomet, wamekuwa wakiipokea kwa miaka mingi, na kinachosikitisha ni kwamba baadhi ya wagonjwa hao ni vijana mno kwa maradhi ya aina hiyo.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mursik kutoka eneo hili. Walikuta katika baadhi ya sampuli kemikali iitwayo asetaldehidi kwa viwango vya kutia wasiwasi, pamoja na kileo kidogo. Asetaldehidi ndiyo ile ile ambayo mwili huitengeneza mtu anywapo pombe, na imetajwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuhusiana na uharibifu ambao pombe hufanya. Watafiti hao hawakusema mursik ndiyo chanzo cha ugonjwa. Walisema huenda ikawa mojawapo ya sababu. Kupima kibuyu si sawa na kuwafuatilia wanywaji kwa miaka. Tumbaku na pombe ni washukiwa wa siku nyingi, na chai nayo iko kizimbani: mwaka 2016 wataalamu hao hao walisema kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Nani kati yetu hajaona chai ikinywewa Eldoret ikiwa bado inatoa mvuke kama treni?

Ninalitaja hili kwa sababu lina uhusiano na kuonja. Kileo kidogo hicho hutoka kwa hamira, vijidudu vya pombe, ambavyo huingia pamoja na vile vya maziwa. Kwa hivyo lile povu la kuchemka, na ule ukali wa kileo unaopanda puani, si sifa ya mursik iliyokomaa, ingawa utawasikia watu wakizisifu. Ulimi hauwezi kupima asetaldehidi kwa uhakika, na asikudanganye mtu kwamba anaweza. Lakini ulimi waweza kuikataa mursik iliyovurugika, na pua yaweza kukikataa kibuyu kilichooshwa vibaya. Uliza pia iwapo maziwa yalichemshwa. Maziwa mabichi yaweza kubeba homa ya bruselosi, na kuganda peke yake hakutoshi kuiondoa.

Na ikiwa kuna mtu nyumbani, awe kijana au mzee, ambaye chakula kimeanza kumkwama akimeza, asitulizwe kwa maji ya uvuguvugu na dawa za dukani. Apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, maana ugonjwa huu ukigunduliwa mapema una nafasi ya kutibiwa, na wengi huchelewa.

Chupa na kibuyu

Mjini Eldoret hutakosa mursik. Iko katika mikahawa ya vyakula vya kienyeji, iko sokoni, iko madukani ikiwa katika chupa za plastiki. Siwezi kuikataa ya chupa yote, kwani nyingine hutoka kibuyuni na kumiminwa tu kwa ajili ya safari. Ila jaribu hivi: iache chupa imesimama saa moja, kisha itazame. Mkaa ukiwa umetuama wote chini kama tope na maziwa juu yakawa meupe pe, yaelekea umenunua maziwa lala yaliyotiwa unga mweusi. Masizi ya kibuyuni ni laini zaidi na hukaa ndani ya maziwa yenyewe, hata yakitua kidogo. Muulize muuzaji mti aliotumia. Anayetengeneza atakutajia mti, na yamkini kijiji ulikokatwa. Asiyetengeneza atakutajia bei.

Jambo linalonikosesha raha ni kwamba wanaoweza kuijibu swali hilo wanapungua mjini. Binti aliyelelewa katika nyumba ya kupanga hana pa kuchomea senetwet. Moshi ukipanda ngazi majirani hulalamika, na ana haki ya kutotaka matatizo na mwenye nyumba. Wengi huagiza kutoka kwa mama aliye shambani, kibuyu kikasafiri kwa matatu kikiwa kimefungwa leso. Mama akiondoka duniani, hubaki chupa. Kujifunza kusugua kibuyu huchukua misimu, na hakufundishwi kwa simu.

Kwa hivyo ukipata bahati ya kualikwa kwenye koito, ile sherehe ya Wakalenjin ya kuposa na kukubaliana mahari, usikae nje na vijana wenzako ukingoja nyama. Omba ruhusa upite nyuma, uwaone akina kogo wakitikisa vibuyu. Watacheka kwanza, hasa ukiwa mwanamume. Pokea kikombe kwa mikono miwili, nusa, piga funda dogo, ngoja moshi urudi, halafu useme "kongoi". Wakikuuliza imekuwaje, waeleze ulichokisikia puani na ulimini, hata kama ni kasoro, kwa lugha ya adabu. Yuko mmoja hapo atakayetaka kujua kama umetambua kwamba cha pili kilitoka katika kibuyu kingine.